Taa Namba Arobaini na Moja

"Huyu wa arobaini na moja tumwandike?" fundi rangi aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Mruke," mshonaji alisema. "Mtu aliyeingia mitini wa nini ukutani?"

Hakusema kwa uchungu. Uchungu ulikwisha zamani. Miaka thelathini baadaye kifua kilikuwa kimekufa ganzi. Jana binti yake alimsihi, "Mama, mwache baba aandikwe, wajukuu walione jina la babu yao." Alikataa, akaendelea kushona.

Chumba cha taa cha mgodi wa zamani kilikuwa kinageuzwa chumba cha kumbukumbu, na nusu ya kijiji ilikuja na mafagio. Shemeji wa mshonaji, aliyekuwa mtunza taa, alikaa kwenye benchi na mkongojo wake.

"Baba yangu alikuwa bingwa wa kulala," fundi rangi alicheka. "Msimamizi alisimama pale penye ubao wa vibati, ukichelewa unarudishwa nyumbani. Bila mzee huyu na mlango wake wa nyuma tungelala njaa. Anakupa taa, kibati unakiacha, unateremka kimyakimya."

Mzee hakucheka.

Vibati vyote sitini na vinne, kila kimoja na namba ya mchimbaji wake, bado vilining'inia ubaoni. Mchimbaji alichukua chake akiteremka, akakirudisha akipanda. Siku shimo lilipoporomoka, vibati vilihesabiwa vikatimia. Watu walikumbatiana, kampuni ikaliziba shimo kwa zege, na leo watoto wanachezea mpira juu yake. Hakuna aliyefia chini; kijiji kizima kilijivunia hilo.

Mume wa mshonaji tu ndiye ambaye hakuonekana tena. Asubuhi ile waligombana mpaka jua likawa juu. Aliacha chai mezani, akasema, "Iko siku nitaondoka nisirudi." Kibati chake kilipokutwa ubaoni, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mshonaji aligawa nguo zake, akawaambia watoto baba yao amewakimbia. Shemeji ndiye aliyewasomesha, wala hakuwahi kuombwa.

"Mavi ya kale hayanuki," majirani walimwambia. Kweli, hayakunuka tena.

"Shemeji," mzee aliita. Alikuwa ametoa ufunguo wa kabati la taa, ule ambao hakuwahi kumpa mtu. "Kazifute wewe."

Mshonaji alilifungua kabati, akachukua kitambaa. Kila taa ilikuwa na namba yake ubavuni. Alizifuta moja moja, akizipanga mezani kwa utaratibu, kama alivyozoea kupanga vifungo. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na mbili.

Alihesabu upya. Taa sitini na tatu.

Aligeuka kuutazama ubao. Kibati cha arobaini na moja kilikuwa pale pale.

"Shemeji," aliuliza polepole, "siku ile alipita mlango gani?"

Mzee aliinamia mkongojo wake.

"Wa nyuma."