Jino Kwenye Lebo

Jino halikukubali kushika. Mara mbili Corinne alilibandika kwa uji mzito wa unga wa ngano, na mara mbili likateleza kwenye karatasi na kuanguka mezani, kwa mlio mdogo uliomfanya ageuke kutazama mlango wa jikoni.

Hapakuwa na mtu. Redio ya Royce, mumewe, ilikuwa bado ikinguruma kule gereji.

Mbele yake kulikuwa na lebo ya karatasi ngumu, yenye tundu na uzi, ya namna ile inayofungwa kwenye mizigo. Kila mwaka wanawake wa maktaba ya mji walizipamba lebo za aina hiyo kwa mambo ya kutisha na kuzitundika dirishani mkesha wa Halloween, sikukuu ambayo watoto huvaa mavazi ya kutisha na kugonga milango kuomba peremende. Miaka mingine Corinne alikuwa na wino, mihuri na lesi. Mwaka huu Royce alikuwa amelitupa sanduku lote, na simu ya mkewe aliiweka mfukoni mwake. Basi Corinne alitumia kilichokuwepo: mashapo ya kahawa kuichakaza karatasi, wanja kuchora nyumba yenye madirisha yaliyopigiliwa mbao, nyuzi za soksi kuwa utando wa buibui. Shashi aliikata kwenye bendeji iliyofunga kifundo cha mkono wake.

Jino lilikuwa lake mwenyewe. Lilitoka Jumanne. Alimwambia Royce kwamba amelimeza, naye hakuuliza zaidi. Hakuwa mtu wa kuchunguza alichokwisha kukivunja.

Mwaka uliopita Corinne aliwahi kumweleza mtu mmoja wa kanisani. Mtu huyo alimpigia Royce simu kumpa pole. Tangu hapo hakumwambia mtu yeyote neno, na sasa muda wa kusema ulikuwa unakwisha. Tarehe mosi Novemba wangehamia kwenye kibanda cha marehemu baba yake Royce, msituni kaskazini. Pikapu ilikwisha kupakiwa. Asubuhi ile Corinne alikuwa ameinua turubai na kuona vyombo vya nyumba mpya: sahani moja, kikombe kimoja, koleo la kuchimbia.

Mara ya tatu alitumia rangi ya kucha. Jino likashika. Kule gereji, redio ikazimwa.

"Hebu lete nione."

Royce aliigeuza lebo. Desturi ya wale wanawake ni kuandika nyuma vitu vilivyotumika, naye alisoma kila neno polepole, kama alivyosoma kila kitu kilichotoka mikononi mwa mkewe.

"Kahawa. Wanja. Soksi. Shashi. Jino." Akainua macho. "Jino?"

"La plastiki," Corinne alisema, kiganja kikiwa mdomoni. "La lile fuvu la mwaka juzi."

Royce alilikwaruza kwa ukucha. Alilikwaruza tena. Corinne alisikia jokofu likiguna, likanyamaza, likaguna.

"Linatia kinyaa," Royce alisema hatimaye. "Hao vikongwe wako wataipenda. Ningekuwa mimi ningeitia motoni, ila usipoipeleka, watakuja kunigongea na kuuliza uko wapi."

Aliyekuja kuichukua alasiri ile alikuwa Bi Verna. Alikuwa na miaka sabini na minne na kofia ya kichawi yenye popo anayewaka taa. Kabla ya kustaafu na kuingia maktaba, kwa miaka thelathini alimsaidia daktari wa meno, akishika mpira wa kufyonza mate vinywani mwa watu. Royce alimwita Mama Mate. Alisimama nyuma ya Corinne mlangoni, kiganja kikiwa shingoni mwa mkewe, kama mume anayependa.

"Mama Mate! Umekuja kwa gari au kwa ufagio?"

"Kwa gari, mwanangu. Ufagio nimekuachia wewe, naona baraza yako inauhitaji."

Bi Verna aliisogeza lebo hadi kwenye miwani yake.

"Mungu wangu, hii inatisha! Na hili jino! Mmelitoa wapi?"

"Dukani," Royce alisema. "Plastiki."

"Siku hizi plastiki wanaitengeneza vizuri kweli." Bi Verna alimtazama Corinne. "Na wewe, mbona umenuna? Hebu tabasamu, ni sikukuu."

Royce alikuwa nyuma ya mkewe na hakuuona uso wake. Corinne alitabasamu, pengo likiwa wazi, kwa upana kadiri mdomo wake uliovimba ulivyoruhusu, na akahesabu hadi tatu.

"Haya! Ndivyo ninavyotaka," alisema Bi Verna, akacheka, akaenda zake. Popo wa kofiani aliwaka na kuzimika hadi barabarani.

Corinne alirudi jikoni na kukaa. Alikuwa ameonyesha kila alichokuwa nacho.

Kesho yake, jua lilipotua, watoto walianza kugonga. Siku zote Royce huchungulia kwanza kabla ya kumfungulia mtu. Jioni ya Halloween hakuna anayechungulia. Alifungua tu, akagawa peremende, akafunga. Alikuja mzimu. Wakaja boga na dinosau. Mlango ulipogongwa mara ya nne, Corinne alimsikia mumewe akiangua kicheko.

Barazani alisimama Bi Verna na kofia yake, na pembeni yake mwanamke na mwanamume warefu waliovalia sare za polisi.

"Mama Mate! Ndio wajukuu hawa? Mbona mijitu mizima!" Royce alimwekea yule mwanamke peremende mbili kiganjani. "Lakini mavazi mmeyapatia. Hata pingu zinafanana na za kweli."

"Ahsante." Mwanamke aliziweka peremende mfukoni. "Leta mikono uzione vizuri."

Royce, bado akicheka, akanyoosha yote miwili.