Uliza Polepole

"Shikamoo, baba. Tunafanya utafiti kuhusu zahanati," alisema binti mlangoni.

Fundi viatu aliendelea kushona soli. Marehemu mkewe aliwajibu watu hawa kila walipokuja, na kiti akawapa. Wakubwa wakaahidi weee, zahanati ikabaki haina dawa mpaka siku mkewe alipozidiwa na ugonjwa.

"Kawaulize wakubwa zako. Mimi mmeshanimaliza."

"Pole, baba. Si lazima, kukataa ni haki yako." Binti akageuka aende zake.

Fundi akakitazama kile kiti. Kilikuwa na vumbi la tangu mazishi. Nyumba nzima, anayemsemesha ni redio tu.

"We binti! Ndo unaondoka? Hata kunibembeleza kidogo?"

Akakifuta kiti kwa kiganja, akakisogeza mlangoni.

"Haya, uliza. Lakini uliza polepole."