Onyo la Mvua Sindo

Kishale cha kompyuta yangu kilikuwa juu ya neno "Kubali". Programu niliyoianzisha huwaonya waanika omena, wale dagaa wa ziwani, wa Sindo mvua ikikaribia, na yeyote anaruhusiwa kupendekeza marekebisho, nami huyakubali au kuyakataa. Sasa fundi mmoja wa ng'ambo, anayenizidi ujuzi mbali sana, alikuwa amependekeza kuondoa sehemu inayoufungua ukurasa wa onyo kwenye kabambe, zile simu ndogo za vibonye.

"Nani bado anatumia simu hizo?" aliandika.

Kando yangu, mama alisoma onyo kwenye kabambe yake iliyofungwa kwa raba. Kibonye cha tano kilikuwa kimefutika kabisa.

"Mvua saa nane, nyathina. Twende tuanue, ama hiyo kompyuta imekuposa?"

"Nakuja, mama."

Nilikuwa sijawahi kumkatalia mtu kazi yake. Nilibonyeza "Kataa", kisha nikamfuata mama kuanua omena, nikingoja fundi ajibu.