Kochi la Bi. Siwatu

Tangu sheria iamuru kwamba kila kitu kinachogombaniwa na ndugu kikatwe nusu kwa nusu, fundi Sikujua aliwakatia wenye viwanda vyuma vyao asubuhi, na mchana akawakatia watu urithi wao. Mashine yake ilikata kwa maji membamba kama uzi, yanayopita kwenye chuma kama kisu kwenye ugali.

Jumanne moja Hemedi na mdogo wake Shomari walileta kochi la marehemu baba yao. Juu yake alikaa mama yao, Bi. Siwatu, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mama. Naomba ushuke," alisema Sikujua.

"Marahaba. Sishuki. Nimelikalia miaka arobaini."

"Mama, ni dakika mbili tu," alibembeleza Shomari.

"Wewe nilikunyonyesha hapa hapa! Leo unataka nusu?"

Mashine ikaupima mzigo. Mstari mwekundu ukapita katikati ya kochi na katikati ya gauni la Bi. Siwatu. Kisha ikauliza kwa upole: "Mali ya pamoja, kilo mia na ishirini. Nikate vyote?"

Sikujua akaangua kicheko, na Bi. Siwatu naye akacheka hadi machozi.

"Haya, iambieni hapana," Sikujua akawaambia ndugu wale, maana kisheria jibu lilikuwa lao.

Hemedi akamtazama Shomari.

"Kwani tulishakubaliana mama atakaa kwa nani?" akauliza.

Shomari akafikiri.

Bi. Siwatu akashuka mwenyewe.