Ruhusa ya Swala

Enzi zile wanyama walipokuwa wakiachiana watoto kwa kiapo, Swala aliitwa kwao ng'ambo ya mto kumuuguza mama yake. Mwanawe alikuwa mchanga mno kuvuka maji, basi akampeleka kwa jirani yake Kongoni, ambaye hakuwahi kuvunja ahadi. Lakini Swala alikuwa na wivu; hata kivuli kikimgusa mwanawe, moyo ulimuuma.

"Mnyonyeshe, mlaze, mfukuzie inzi," alisema mbele ya Kanga, aliyekuwa shahidi. "Ila asitoke kwenye kichaka hiki bila ruhusa yangu. Mama yake ni mimi."

"Na likizuka jambo, dada?" Kongoni aliuliza.

"Likizuka, niulize kwanza."

Kongoni akamlamba mtoto utosini, na hicho ndicho kilikuwa kiapo chao.

Wiki haijaisha, moto ukawaka nyikani. Wanyama wote wakakimbilia mtoni. Kongoni akamtuma Kanga kwa Swala kuomba ruhusa, kisha akasimama juu ya mtoto, akimkinga na cheche kwa mwili wake.

"Akimbie naye! Naruhusu kila kitu!" Swala alipiga kelele kule ng'ambo, naye akatoka mbio nyuma ya Kanga.

Alipofika, kichaka kilikuwa majivu. Kongoni alikuwa amesimama palepale, mgongo umebabuka, na mtoto chini yake hapumui tena.

"Ulikuwa na miguu minne!" Swala alilia. "Kwa nini hukukimbia naye?"

"Miguu nilikuwa nayo, dada," Kongoni akajibu. "Ruhusa uliondoka nayo wewe."