Ramani ya Ini la Bibi

Kitu cha kwanza alichokiona Mishi kilikuwa doa jekundu, dogo kama punje ya mtama, katikati ya ini la bibi yake. Sheria ilitaka mtu asizikwe kabla kipande chembamba cha ini lake hakijapigwa mwali wa leza, na ramani yake kusomwa mbele ya wafiwa.

Ukuta mzima wa sebule uling'aa kwa ramani hiyo. Mishi alisahau kulia. Kumbe ndani ya kikongwe yule mkali mlikuwa na bustani!

"Nyekundu ni chuma, manjano ni mafuta," alisema msomaji wa ramani. "Kila molekuli ina rangi yake."

"Hayo mafuta ni sambusa zake," alisema shangazi Mwanamkuu, na watu wakacheka kidogo. "Na dawa ya moyo?"

"Samawati."

Wote wakaitafuta samawati. Haikuwepo hata chembe.

Shangazi akageuka taratibu. "Mishi, si wewe uliyekuwa ukimnywesha?"

Mishi, ambaye hata salamu huitikia kwa kunong'ona, safari hii alisikika mpaka uani.

"Aliniomba niache, shangazi. Alisema dawa inamsahaulisha majina yetu. Kila asubuhi nilimpa maji matupu."