Nionjee

Siku ya soko, wateja walianza kurudisha sahani.

"Mama, leo umetupikia chakula cha wagonjwa?" mmoja alitania, na wenzake wakacheka.

Mwajabu alicheka nao huku akizipokea sahani. Tangu apone homa, ulimi wake haujui tena chumvi wala pilipili, na hajamwambia mtu.

Alichota mchuzi wa samaki kwa upawa, akavuka njia hadi kwenye kibanda cha Sikudhani, mpishi mwenzake. Miaka tisa wananyang'anyana wateja wanaovuka mto, na hata salamu hawapeani.

"Nionjee," alisema. "Mimi sisikii ladha."

Sikudhani alimtazama kwanza. "Na nikikudanganya?"

"Basi kesho sipiki tena."

Sikudhani alionja, akafumba macho. Nyuma yake, wateja wa Mwajabu walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi ya Sikudhani, wanaagiza ugali kwa sauti. Aliwaacha papo hapo. Alifuta mikono kwenye kanga, akachota chumvi kwenye kopo lake mwenyewe, akaanza kuvuka njia kuelekea jiko la mwenzake, chumvi ameifumbata mkononi, bila kumtazama Mwajabu aliyekuwa anamfuata.